Mlango wa Chumba Namba Tatu

Mary Ann Wahu alikuwa na miaka arobaini na saba alipolala hosteli kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo, kila aliposafiri alifikia kwa watu wake: kwa dada yake Nakuru, kwa shemeji yake Ol Kalou, au kwa binamu wa mumewe aliyekuwa na nyumba ya chumba kimoja Eldoret na ambaye mgeni akija alilala kwa jirani. Kwake safari ilikuwa hivyo. Unaaga jamaa, unapokelewa na jamaa, na unajua kitanda unacholalia ni cha nani. Bungoma hakuwa na mtu.

Alikuwa fundi wa nguo katika soko la Saboti. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa kwenye veranda ya duka la mbolea, na kwa miaka ishirini na miwili alishona sare za watoto wa pale, mimi nikiwa mmoja wao. Nilimaliza shule ya msingi ndani ya kaptura zake mbili, moja ya kuvaa na nyingine ya kufuliwa. Hakuwa na haja ya kukupima mara mbili. Alikutazama tu ukisimama kwa jua, akasema, "Umeongeza kidole kimoja kiunoni," na kweli ulikuwa umeongeza.

Mwanzoni mwa mwaka 2009 shule ikapata mwalimu mkuu mpya, naye akamwita ofisini. Akamwambia kwamba kuanzia sasa sare zitashonwa na mafundi wenye cheti cha serikali peke yao.

"Si mimi nimekataa, Mama Kibe," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ni barua imetoka juu."

Jioni Wahu alimweleza mumewe, Gicheru, aliyekuwa akichambua mbegu za mahindi mlangoni.

"Cheti cha kitu unakijua tayari?" Gicheru aliuliza.

"Ndiyo. Wanataka karatasi nayo ijue."

Akajiandikisha. Kituo cha Kitale kilikuwa kimejaa, kwa hivyo akapangiwa Bungoma, mwezi wa nne, mtihani wa siku mbili. Barua ilisema afike siku moja kabla, na aje na mkasi wake, uzi, na mita mbili za kitambaa cheupe, kisafi, kisicho na doa. Yeye alinunua mita nne. Mbili za mtihani na mbili za makosa, alimwambia Gicheru, maana mtu aliyezoea kukata kwa macho akiambiwa akate kwa hesabu, lazima akosee. Kuhusu kulala, mke wa mchungaji alimwelekeza kwenye hosteli ya kina mama wa kanisa mjini Bungoma. Alisema ni mahali pasafi na pombe haiingii.

Alifika Jumanne mchana. Msimamizi wa hosteli alikuwa mama mnene mcheshi aitwaye Sellah, aliyevaa aproni juu ya nguo ya kanisani. Alimpeleka hadi chumba cha mwisho kwenye veranda ndefu, akamtia ufunguo mkononi.

"Chumba namba tatu. Iko na vitanda tatu. Ufunguo ni moja tu kwa kila chumba, na wewe ndiye umekuja wa kwanza, kwa hivyo utakaa nayo. Kuna mwingine anakuja, wa huo mtihani wenu."

"Mwingine nani?"

"Mama tu, kama wewe."

Sellah akaenda zake. Wahu alibaki amesimama katikati ya chumba. Kuta zilipakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno, na juu nyeupe. Mashuka yalikuwa yamenyooshwa yakanyooka. Kila kitanda kilikuwa na blanketi moja la kijivu na mto mmoja, vyote sawa, kana kwamba aliyeviweka hakutarajia mtu fulani bali mtu yeyote. Hilo lilimsumbua. Alichagua kitanda cha ukutani, ambacho ukikilalia unauona mlango. Aliweka kikapu chake cha kiondo mvunguni, akafunga mlango kwa ufunguo, kisha akasukuma komeo la chuma pia. Alipolisukuma ndipo alipogundua anachofanya, lakini hakulirudisha. Alikula githeri baridi, mahindi na maharagwe, aliyotoka nayo nyumbani. Mvua ikaanza.

Sasa ni lazima niseme jambo ambalo Wahu mwenyewe alichukua muda kuniambia. Mwaka mmoja na miezi mitatu kabla ya siku hiyo, Januari ile ya vurugu za baada ya uchaguzi, familia yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizokimbia mashamba na kwenda kukaa kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho, Kitale. Walikaa wiki tisa. Mambo yao yalianza kwa mlango. Alfajiri moja mtu aliubisha, kwa nguvu, kwa kiganja, na kabla jua halijachomoza walikuwa nje ya nyumba yao. Walirudi mwezi wa tatu, wakapanda, wakavuna. Watu waliwapa pole na mambo yakasonga. Lakini tangu hapo, mtu akibisha mlango, Wahu hakuweza kuinuka kufungua. Hakumwambia mtu. Nyumbani haikumletea shida, kwa sababu mumewe ndiye aliyefungua.

Mvua ilikuwa imeshika kasi mlango ulipobishwa. Aliyebisha alitumia kiganja.

"Mulembe! Hodi humu ndani!"

Wahu alilijua neno hilo. Mulembe ni amani, ndiyo salamu ya Wabukusu, na alikuwa ameisikia na kuijibu kwa miaka ishirini juu ya ua wa shamba lake. Lakini siku hiyo masikio yake hayakusikia neno. Yalisikia mkono. Aliteremka kitandani akakaa sakafuni, upande wa ukutani.

"Mama? Uko ndani? Mvua inanipiga huku!"

Veranda ile ilikuwa nyembamba na upepo uliisukuma mvua hadi mlangoni. Yule wa nje alibisha tena, akanyamaza, akabisha, akamwita Sellah. Sellah alikuwa ameenda sokoni kutafuta mboga na mvua ilikuwa imemzuia huko. Milango ya vyumba vingine ilikuwa na kufuli.

"Ilikuwa nusu saa," Wahu aliniambia. "Nilijua ni mtu tu. Nilijua ni yule mama wa mtihani. Lakini kujua hakukuwa na mikono."

Aliposikia sauti ya Sellah ikija kwenye veranda, ikishangaa na kuuliza maswali, ndipo aliposimama. Akafuta uso, akavuta komeo, akafungua.

Mbele yake alisimama mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, sweta imelowa mpaka inaning'inia mabegani, amekumbatia mfuko uliokatika zipu. Jina lake lilikuwa Rispah Nabwile, na alitoka upande wa Lugulu, ndani ndani, ambako siku ya mvua gari haliingii.

"Pole sana," Wahu alisema. "Nilikuwa nimelala."

"Hakuna shida, mama. Safari inachosha. Ata mimi ningerara."

Alisema hivyo kwa lafudhi ya kwao, akitabasamu, meno yakigongana kwa baridi. Wahu angependelea kutukanwa.

Rispah alibadilisha nguo, kisha akaufungua mfuko wake kitandani. Akatoa kitu, akakiinua kwenye mwanga, na Wahu akageuka kutazama. Ndani alikuwa ameweka kitambaa chake cheupe cha mtihani pamoja na sketi ya rangi ya damu ya mzee. Maji yalikuwa yameingia. Sketi ilikuwa imetoa rangi, na ile nyeupe yote ilikuwa na mawimbi ya waridi kutoka pindo hadi pindo.

Wakakipeleka kwenye karai nyuma ya jikoni. Walikisugua kwa sabuni ya kipande, kisha kwa sabuni ya unga, kisha Sellah akaleta chumvi na ndimu. Waridi ikapungua, haikuisha. Mvua ilikuwa imekatika lakini maduka ya vitambaa yalikuwa yameshafunga, na mtihani ulianza asubuhi saa moja na nusu. Rispah hakulia. Alikikamua kile kitambaa, akakikunja vizuri kama kitu kizima.

"Nitashona hii hii," alisema. "Wakinifukuza, wanifukuze."

Wahu alirudi chumbani peke yake. Alikitoa kitambaa chake cha mita nne, akakipima kwa mkono, akakikata katikati. Rispah alipoingia alimkuta amemnyooshea nusu. Alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama mtu anayepokea kitu kwa mkwewe.

Kama mambo yangeishia hapo, Wahu angebaki na siri yake na watu wote wawili wangelala. Lakini wakati wa chakula, kwenye meza ndefu ya hosteli, Sellah alimwomba Rispah ashukuru kwa niaba ya wageni. Rispah akafumba macho. Aliombea ugali, akaombea mboga, akaombea waliopika. Kisha akasema, "Na Baba, umbariki huyu mama. Hanijui, simjui, na amenikatia nguo yake mwenyewe. Watu kama hawa wamebaki wachache." Wageni wengine wawili wakasema amina kwa nguvu. Wahu alirudisha tonge lake sahanini.

Walirudi chumbani. Rispah alikaa kitandani akianza kutunga uzi kwenye sindano. Wahu alibaki amesimama.

"Sikuwa nimelala," alisema.

Rispah aliinua macho.

"Ulipobisha. Sikuwa nimelala. Nilikuwa hapo chini, nimekaa."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia. Kila mara."

"Ata nikisema mulembe?"

"Ata hiyo."

Rispah aliweka sindano juu ya mto. Akasimama, akatoka, akauacha mlango wazi. Wahu alizisikia ndara zake zikienda hadi mwisho wa veranda. Alifikiri ameenda kuomba chumba kingine, na akaona ni haki yake. Alianza hata kufikiria maneno atakayomwambia Sellah. Lakini ndara zikarudi. Rispah alikuwa ameshika vikombe viwili vya chai.

"Nimekasirika," alisema, akimpa kimoja. "Usifikirie sijakasirika. Lakini chai nimereta." Akakaa. "Uliogopa nini? Mimi?"

Basi Wahu akamweleza. Hakuwa amemweleza mtu yeyote kwa mpangilio, hata Gicheru. Alisimulia alfajiri ile ya Januari, jinsi walivyolala na nguo zao, jinsi mlango ulivyopigwa kwa kiganja hadi bawaba zikalia. Alisimulia mahema na matope. Rispah alisikiliza bila kumkatiza, chai ikipoa mkononi.

"Na huyo aliyebisha siku hiyo," aliuliza baadaye, "alikuwa nani?"

Wahu akaketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Alikuwa jirani," alisema. "Anaitwa Wakhungu. Mashamba yetu yamepakana."

"Alikuwa anataka nini?"

"Alikuja kutuambia tutoke. Alikuwa amesikia watu wanakuja. Alituonyesha njia ya kando ya mto. Mama ya bwanangu alikuwa hawezi kutembea, Wakhungu akambeba mgongoni mpaka barabarani."

Rispah alimtazama. "Sasa, mama. Si ni yeye aliwatoa?"

"Ni yeye."

"Na unaogopa mkono wake."

Wahu aliniambia kwamba hapo ndipo alipoelewa. Tangu Januari ile alikuwa ameukumbuka mlango ukipigwa, kila siku, hata akishona, na yule mtu aliyekuwa nje ya mlango, Wahu alikuwa amemdondosha njiani bila kujua. Woga ulikuwa umechagua cha kubeba. Na tangu warudi kutoka uwanjani, alipokutana na Wakhungu alimsalimu akipita, akainama kama mwenye haraka. Alijiambia ni shughuli.

"Mimi pia si mtu mzuri," Rispah alisema, akichukua tena sindano. "Ungeniambia hii kitu kabla ya ile kitambaa, ningekuita majina mbaya, bana."

Usiku huo Wahu hakuweka komeo. Hakulala vizuri pia, lakini alilala.

Kulipokucha walikwenda pamoja. Msimamizi wa mtihani alikuwa Bwana Kimaiyo, mwanamume mpole wa miwani, aliyezungumza chini chini kana kwamba vyerehani vilikuwa watoto waliolala. Kazi ilikuwa shati la mtoto lenye kola na mfuko mmoja. Wahu alikuwa ameshona mamia ya mashati hayo. Lakini hapa ilibidi kwanza achore vipande kwenye karatasi kwa vipimo alivyopewa, akate karatasi, kisha ndipo akate kitambaa. Alichora mwili wa shati, akachora mikono. Alipofika kwenye kola, muda ulikuwa ukienda, na mkono wake wa miaka ishirini na miwili ukamwambia aachane na karatasi. Akakata kwa macho. Siku ya pili, alipoileta kola shingoni, ilipungua upana wa kidole.

Kitambaa cha makosa hakikuwepo. Alikusanya vipande, akaunga kola nyuma, kwa mshono mwembamba ambao mzazi yeyote wa Saboti asingeuona. Bwana Kimaiyo alipitisha kidole gumba juu yake mara moja tu.

"Mama, hapa umeunga."

"Ndiyo."

"Hukuwa na kitambaa ingine?"

Cherehani ya Rispah, safu ya nyuma, ikanyamaza.

"Sina," Wahu alijibu.

Bwana Kimaiyo akaandika. "Mkono wako ni mzuri sana," alisema. "Lakini mtihani ni mtihani."

Kwa kuwa gari la Kitale lilikuwa limeshaondoka, walilala tena chumba namba tatu. Rispah aliingia akatupa mfuko kitandani.

"Ulikuwa na kitambaa ingine. Ndiyo hii mimi nimeshona! Kwa nini hukumwambia yule mzee?"

"Ningemwambia nini?" Wahu alisema. "Nilikukosea, nikakupa kitambaa. Hiyo imeisha. Halafu nikakata vibaya, mimi mwenyewe, kwa kiburi changu. Hayo ni mambo mawili. Usiyashone pamoja."

Rispah akaenda jikoni akarudi na magazeti ya zamani ya kufungia mboga. Yeye alikuwa amesomea ufundi kwenye chuo kidogo cha parokia, na michoro ilikuwa ndiyo nguvu yake. Wakapiga magoti sakafuni. Akamwonyesha jinsi kola inavyozaliwa na shingo: unapima mviringo, unagawa, unaongeza, unapinda mstari. Wahu alichora, Rispah akafuta. Wahu akachora tena. Walichora kola kumi na moja kabla Sellah hajaja kuwaambia kwamba taa huzimwa saa tatu, na yeye mwenyewe akabaki mlangoni akitazama, akauliza kama hiyo hesabu inaweza kutoa kola ya aproni.

Wahu alirudi Saboti siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi alivuka ua. Wakhungu alikuwa akipakia samadi kwenye mkokoteni, amekunja suruali hadi magotini. Waliongea mvua, wakaongea mahindi. Kisha Wahu akasema:

"Sijawahi kukushukuru kwa ile asubuhi."

Wakhungu aliegemea koleo. Hakuuliza asubuhi gani.

"Mimi nilidhani mmekasirika," alisema polepole. "Nilisikia mapema, Mama Kibe. Nilisikia tangu jioni. Nikaogopa kuja, nikangoja mpaka alfajiri. Nikiona unapita haraka haraka, nilikuwa najiambia, wanajua nilichelewa."

Wakhungu ndiye aliyeanza kucheka, kidogo, akitikisa kichwa. "Na huyo mama yenu," alisema, "alikuwa mzito!" Wahu naye akacheka, huku akilia. Wakati Gicheru anafika uani kuona kuna nini, walikuwa wamekaa kwenye mkokoteni, miguu ikining'inia, wakimsengenya marehemu mama mkwe kwa upendo, kwa kuwa alikuwa amefariki mwezi wa kumi uliopita.

Matokeo yalitoka mwezi wa sita. Rispah alipita. Wahu alianguka, kwa alama chache, kama alivyotarajia. Rispah alipiga simu akiwa na hasira kuliko yeye. Mwezi wa nane Wahu alifunga tena safari ya Bungoma, na Gicheru alipomwuliza kama si afadhali atafute kituo cha Kitale, alisema hapana, Sellah anamngoja. Alibeba mita nne tena. Alichora kila kitu kwenye karatasi, hata mfuko, na alitumia mbili tu.

Cheti kilifika Desemba. Kiliandikwa "Mary Ann Waho." Karani wa ofisi alimwambia kinaweza kurudishwa kusahihishwa, lakini itachukua miezi. Wahu alikitazama, akasema Waho naye ni fundi mzuri, akaondoka nacho. Mwalimu mkuu hakugundua tofauti. Muhula wa kwanza wa mwaka 2010 sare zilirudi kwenye veranda ya duka la mbolea, na fundi aliyekata kwa macho sasa alikuwa na rundo la karatasi za kahawia lililotundikwa kwenye msumari, kila moja na jina la darasa lake.

Rispah alifungua kibanda chake Lugulu. Jumapili baada ya kanisa mmoja wao humpigia mwenzake, na wakishamaliza kuulizana habari za watoto hubishana kuhusu mashati. Rispah anasema kola za Wahu bado zimelala upande wa kushoto. Wahu anamwambia shingo za watoto wa Saboti ndizo zimelala hivyo, aje aone mwenyewe.